Mkwe Hapandi Kilima

Kitu cha kwanza alichokigundua binti mwenye reki ni kwamba injini haikulalamika.

Mtu akielemewa na mzigo huguna. Injini nayo ni hivyo hivyo: ikizidiwa, sauti yake hushuka, ikawa nzito kama ya mtu anayeinua gunia, kisha hukohoa na kuzimika. Lakini asubuhi ile, mashine ya kukata nyasi ilipofika katikati ya mteremko wa tangi la maji na kugoma, sauti ya injini ilipanda. Ikawa nyepesi, kama ya mtu aliyetua mzigo akaanza kupiga mluzi. Magurudumu yakasimama. Mashine ikaanza kurudi kinyumenyume taratibu, na mjomba juu yake kakanyaga breki kwa nguvu zote, kofia imemfunika macho.

"Mkwe!" mjomba alifoka, halafu akajirudi, akalainisha sauti. "Mkwe wangu, nimekukosea nini?"

Mashine ile aliiita Mkwe kwa sababu, kama alivyopenda kusema, mkwe hagombezwi wala haulizwi kwa nini. Unamsalimia, unamsafishia njia, unasubiri hali yake iwe njema. Ilikuwa mashine ya kukaliwa, yenye usukani na kiti kama cha trekta dogo, visu vyake viko chini ya tumbo. Idara ya maji iliinunua ikiwa imeshatumika kwingine, ikaja bila kitabu chake, na maandishi yote ya ubavuni yalikuwa yameliwa na jua. Dereva alikuwa mjomba. Binti wa dada yake alitembea nyuma na reki, akikusanya nyasi zilizokatwa. Watu wote pale walimwita Mpwa, kwa kuwa ndivyo mjomba alivyomwita, na yeye hakumwambia mtu amwite vingine. Hakuwa mtu wa kuwaambia watu mambo. Ukimuuliza swali alijibu kwa kichwa, na likiwa gumu alijibu kwa mabega.

"Imeshindwa tena?" sauti ilitoka chini ya kilima.

Alikuwa msimamizi wao, mwanamke mrefu aliyetembea na miwani kwenye nywele. Walimwita Mama Mita, kwa sababu hakuamini kitu kisichokuwa na mshale unaoonyesha namba. Ukimwambia una habari njema, alitaka kujua njema kiasi gani.

"Haijashindwa, mama," mjomba alijibu huku akiteremka kinyumenyume. "Inatafakari."

"Inatafakari tangu wiki iliyopita! Jana fundi bomba katumbukia kwenye shimo la koki kwa sababu nyasi zimefunika mfuniko. Kaja ofisini anachechemea, kiatu kimoja kimejaa maji, ananiuliza mimi kama hapa ni idara ya maji au ni mbuga ya wanyama." Alishusha miwani machoni, akakitazama kilima chote, kuanzia nyumba ya pampu pale chini mpaka kwenye tangi la saruji kileleni. "Nimeshaongea na mwenye lori. Ijumaa asubuhi nakuja kuangalia mwenyewe. Mashine isipofika juu, kilima chote namwagia kokoto. Kokoto hazioti."

"Na Mkwe?"

"Atauzwa chuma chakavu. Wewe utakaa getini. Kuna kiti kizuri, na kivuli."

"Na Mpwa?"

Mama Mita alimtazama binti aliyesimama kaegemea reki. "Kokoto hazihitaji reki," alisema, tena kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma.

Mpwa aliinamisha kichwa. Kurudi kukaa nyumbani hakukumtisha sana. Mke wa mjomba wake alikuwa mtu mwema, na nyumba ile haikukosa kicheko. Kilichomkata maini ni kile kiti cha Mkwe. Jioni walipoiegesha mashine chini ya banda, ni yeye aliyeipangusa, na kiti alikipangusa kuliko kilivyochafuka. Aliijua pedali ya kwenda mbele na ya kurudi nyuma. Alijua ni lini mjomba angepaswa kupunguza mwendo kwenye kona na hakupunguza. Usiku, kabla usingizi haujamchukua, alikata nyasi za kilima kizima akiwa kitandani, mstari kwa mstari, bila kuacha hata udevu mmoja kando ya mifuniko. Alikitaka kiti kile kama watu wengine wanavyotaka nyumba. Na mtu akitaka kitu hivyo, humwogopa kwanza yule mwenye uwezo wa kusema ndiyo.

Basi fundi akaitwa.

Fundi huyo walimwita Spana. Alikuwa mwembamba kweli kama spana, lakini akila utadhani anajaza tangi lile la kileleni. Hakuna mtu aliyewahi kufungua kifuniko cha chakula karibu naye akamaliza peke yake. Kwa hiyo mjomba alipoona baiskeli ya fundi inaingia getini, jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya salamu, ni kuunyakua mkoba wake wa chakula na kukimbia nao kwenye nyumba ya pampu. Aliuning'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango, akaufunika na koti.

Mkoba wenyewe ulikuwa mpya. Mke wa mjomba, ambaye Mpwa alimwita mama, aliushona mwezi ule kutokana na suruali kuukuu ya mumewe, na mifuko ya nyuma aliiacha palepale ilipokuwa, mmoja wa kijiko na mmoja wa chumvi. Ndani uliingia chakula cha siku nzima, dumu la maji na ndizi za kupoza roho. Mjomba aliupenda kama cheo. Alikuwa amegundua kijiti cha chuma kilichotokeza nyuma ya Mkwe, kimepinda kidogo nchani, na aliamini kiliwekwa pale kwa ajili hiyo. "Waliotengeneza mashine hii ni watu wenye utu," alimwambia Mpwa siku aliyoutundika mara ya kwanza. "Wamefikiria mpaka tumbo la dereva."

Fundi Spana alilala chali chini ya mashine. Alikwangua nyasi kavu zilizoganda juu ya sanduku la gia. Aliupapasa mkanda unaotoa nguvu kwenye injini na kuupeleka nyuma, akauona umechakaa, akafunga mpya. Alikagua springi, alikagua magurudumu, hata kile kijiti cha nyuma alikisukuma kwa kidole gumba na kukikuta kimeingia sawasawa. Kisha akapanda kitini mwenyewe.

Mkwe akapanda kilima kama mbuzi. Hakusimama mpaka kwenye ukuta wa tangi.

"Mkanda," alisema Spana aliposhuka, akijifuta mikono. Alinusa hewani. "Hapa kuna mtu ana mayai?"

"Mayai? Hapa? Hapa ni maji tu," mjomba alijibu.

Kesho yake asubuhi, Mkwe alifika nusu ya mteremko, akapiga mluzi, akarudi chini.

Spana akaja tena. Mkoba ukakimbizwa tena. Safari hii alibadilisha oili ya gia, akapanda, na mashine ikampandisha mpaka juu bila neno. Alipoondoka tu, mjomba akatundika mkoba wake, akaelekea mlimani akiimba, na wimbo ukakatikia palepale pa jana.

Mara ya tatu fundi hakuchukua hata bisibisi. Alisimama mikono kiunoni, akamzunguka mjomba kama anavyoizunguka mashine, akamtazama mbele, akamtazama nyuma.

"Kaka," alisema, "nikipanda mimi inakwenda. Ukipanda wewe haiendi. Mimi na wewe tumetofautiana wapi?"

"Mimi nina adabu zaidi."

"Tumetofautiana hapa." Spana alimgusa tumboni kwa kidole. "Mashine ni nzima. Wewe ndiye uliyeharibika."

Jioni ile mke wa mjomba alipoambiwa, alisimamisha cherehani katikati ya pindo.

"Nani mnene? Mume wangu? Mnene kwa nani?" Aliinuka, akachukua futi yake ya kushonea, akamwamuru mumewe ainue mikono. Alimzungushia futi kiunoni, akasoma. Akazungusha tena, akasoma kwa kuinama zaidi. "Futi hii imevutika," alisema hatimaye, akaiviringisha na kuirudisha kwenye droo. Mpwa alificha uso nyuma ya chungu ili asionekane anacheka.

Asubuhi mjomba alifungua kibakuli chake kabla ya kutoka, maana kilikuwa chepesi mno. Ndani alikuta kiazi kimoja cha kuchemsha, na nusu yai pembeni yake.

"Hiki ni nini?"

"Chakula."

"Nakiona. Nauliza kimekuja kufanya nini peke yake?"

"Kimekuja kukuokolea kazi, baba. Na maji nimekuwekea nusu dumu. Nayo yana uzito."

"Basi nivue na viatu?"

"Ukiweza."

Na kilichomkera mjomba kuliko njaa ni kwamba dawa ilifanya kazi. Siku ile Mkwe alipita pale alipozoea kugoma, akaupita na mfuniko wa koki ya pili, akakaribia robo tatu ya kilima ndipo akapiga mluzi wake. Fundi Spana, aliyekuwa akipita kwenda kwa wateja wengine, alisimamisha baiskeli njiani akapiga makofi. "Dawa inaingia! Endelea kupungua, kaka, utafika juu!" Mama Mita aliandika kitu kwenye kiganja chake. Mjomba alishuka kitini, akaketi kwenye nyasi, akala nusu yai kwa heshima kubwa, akiligawa mara mbili.

"Mpwa," alisema kwa huzuni, "mtu mzima anaweza kuhukumiwa na trekta?"

Mpwa alijibu kwa mabega. Lakini jambo moja lilikuwa likimkwaruza akilini. Mjomba amekosa mlo mmoja tu. Tumbo lake bado lilikuwa lilelile la jana, limekaa mapajani kama mtoto. Amepungua lini?

Alhamisi ikaja na mvua. Ilinyesha asubuhi yote. Nyasi za mteremko zikawa telezi, na hakuna aliyethubutu kuipeleka mashine huko. Walikaa ndani ya nyumba ya pampu, wakisikiliza mtambo unavyosukuma maji kwenda juu bila kuchoka.

"Ona mwenzio," mjomba aliutazama mtambo kwa wivu. "Hakuna anayemuuliza amekula nini."

Saa ya kula ilipofika, alikula kiazi chake. Kisha akakitazama kibakuli cha Mpwa. Alikitazama tu, jinsi mtu anavyotazama picha ya ujana wake. Mpwa akamsogezea. Alikula chote. Halafu akainuka, akachungulia nje mara mbili kama mwizi, akatoa nyuma ya mtungi wa mafuta mkate mzima aliouficha hapo tangu juzi. Akaula wote, akiuteremshia na maji ya dumu mpaka tone la mwisho. Mwishowe alilegeza mkanda wa suruali, akashusha pumzi iliyotoka kwenye nyayo.

"Hukuona kitu," alimwambia Mpwa.

Mpwa akatikisa kichwa: hakuona kitu.

Jua likatoka, upepo ukakausha nyasi, na alasiri wakatoka. Mjomba alitundika mkoba wake mtupu kwenye kijiti, ukining'inia mwepesi kama sikio la sungura, akapanda kitini kwa taabu ya mtu aliyeshiba kupita kiasi. Mkwe akaunguruma, akaushika mteremko. Akapita mahali pa kugomea. Akapita koki ya pili. Akapita robo tatu. Mpwa alisubiri mluzi, na mluzi haukuja. Sauti ya injini ilikuwa nzito, ya kazi, mpaka kwenye ukuta wa tangi.

"Nimekonda!" mjomba alipiga ukelele kule juu, mikono hewani. "Watu wa chini, nimekondaaa!" Kisha akapiga mbweu iliyosikika mpaka chini.

Mpwa alibaki pale pale, reki mkononi, mdomo wazi. Amekonda? Mtu huyu alikuwa na kiazi chake, chakula cha mwenziwe, mkate mzima na maji ya dumu, vyote ndani. Hajawahi kuwa mzito namna ile tangu azaliwe! Chakula kikiwa mkobani, mashine inagoma. Kikihamia tumboni, mashine inapanda. Na Mkwe anabeba vyote viwili, mkoba na tumbo. Basi tumbo lina kosa gani?

Jioni, mjomba alipokwenda kuuambia ulimwengu habari za wembamba wake, Mpwa alibaki bandani peke yake na kitambaa cha kupangusia. Injini ilikuwa imezimwa. Aliisukuma mashine kwa mikono miwili. Haikusogea, kana kwamba imeota mizizi. Akakishika kile kijiti cha nyuma, akakivuta. Kilitoka kidogo, kama ulimi. Akaisukuma tena, akiwa bado amekivuta, na Mkwe akateleza mbele kwa mkono mmoja tu, mwepesi kama kigari cha mtoto. Akakiachia. Springi ya ndani ikakirudisha, na Mkwe akaota mizizi tena.

Alichuchumaa, akakitazama kijiti kile kwa muda mrefu. Mahali tambarare kililala sawa na ardhi, na mkoba uliotundikwa ulivuta kwenda chini tu, bila kukitoa. Lakini mashine ikipanda mlima, pua yake huinuka, mgongo hushuka, na ncha ya kijiti huelekea bondeni. Hapo mkoba mzito unakivuta kutoka nje, na injini inabaki ikijipigia mluzi. Mkoba mwepesi unashindwa.

Alicheka peke yake bandani mpaka akalazimika kukaa chini.

Kucheka kulikuwa rahisi. Kusema ndiko kulikokuwa na mlima wake. Walipokuwa wakirudi nyumbani, mjomba hakuacha hata tundu la sindano la kupitisha neno. Alimsimamisha kila waliyekutana naye, akajigeuza ubavu aonekane. Nyumbani, mke wake alipiga kigelegele. "Nilijua! Kesho mbele ya Mama Mita utakwenda umekula kama mtu, na mkoba nitakujazia!" Mpwa alifungua mdomo. Wote wawili wakamgeukia, wameshangaa, na maneno yakamrudia tumboni kama panya shimoni. Atasemaje? Kwamba mkoba ulioshonwa kwa upendo ndio mchawi? Kwamba mjomba hajakonda hata kidogo? Akaomba chumvi.

Ijumaa mkoba ulivimba. Ulikuwa na viazi, mayai matatu, kuku wa kukaanga, maembe na dumu lililojaa mpaka shingoni. Mpwa alinyoosha mkono kuupokea, aubebe yeye.

"A-aa," mjomba alimkatalia. "Wewe una reki yako. Mzigo wa dereva hubebwa na chombo cha dereva." Akautundika kwenye kijiti, akaupigapiga kama mgongo wa farasi.

Mama Mita alikuwa ameshafika, miwani machoni, simu mkononi. Fundi Spana alialikwa naye kushuhudia, lakini hakuwa ameonekana bado. Na kama angewahi, mkoba ungekimbizwa nyuma ya mlango, na kisa hiki kingekuwa kingine.

"Haya," alisema Mama Mita. "Nionyeshe."

"Tazama kwa makini, mama," mjomba alimjibu, amevuta tumbo ndani. "Unaweza usinione, nimekuwa mwembamba."

Mkwe akaondoka. Mpwa akatembea ubavuni mwake, mbali kidogo na magurudumu, reki begani. Walipanda. Mkoba ukaanza kunesa. Ncha ya kijiti ikageukia bonde. Kisha injini ikapiga mluzi.

Mashine ikasimama, ikaanza kurudi. Mjomba akakanyaga breki, uso umemporomoka. "Mkwe," aliomba kwa sauti ndogo, "si leo. Nina wageni."

Kule chini Mama Mita alitikisa kichwa, akaanza kutafuta namba ya mwenye lori.

Kama Mpwa angepata muda wa kufikiri, asingefanya kitu. Lakini kidole cha Mama Mita kilikuwa juu ya simu, na maneno yalikuwa mbali, na reki ilikuwa karibu. Aliinyoosha kutoka ubavuni, akapitisha mpini chini ya kamba ya mkoba, akauinua.

Springi ikavuta. Injini ikaguna. Mkwe akaruka mbele, akapanda, kofia ya mjomba ikabaki hewani.

"Amenisikia!" mjomba alipiga kelele. "Mkwe amenisikia!"

Mpwa alipiga hatua zake sambamba, mkoba ukielea juu ya mpini kama samaki kwenye mshipi. Kisha, bila kujua ujasiri umetoka wapi, akaushusha. Mluzi. Mashine ikasimama.

"Mkwe, usinifanyie hivyo!"

Akauinua. Mkwe akapanda. Akaushusha. Mkwe akasimama. Mjomba alikuwa akishangilia na kulia kwa zamu, bila kugeuka nyuma, na hapo ndipo baiskeli ya Spana ilipoingia getini. Fundi alisimama, mguu mmoja chini. Aliitazama mashine, akamtazama binti na reki yake. Akautazama mkoba.

"Dada!" aliita. "Inua!"

Akainua.

"Shusha!"

Akashusha.

Spana aliiachia baiskeli ikaanguka yenyewe. Alikaa kwenye nyasi mbichi, akashika mbavu, akacheka mpaka kicheko kikakosa sauti, akawa anapiga ardhi kwa kiganja tu. "Amekitundikia... amekitundikia chakula... Mama Mita, njoo uone! Kile ni kijiti cha kulegezea gia! Kinavutwa ili mashine iliyozimika isukumwe kwa mikono! Mtu huyu kila siku anapanda mlima ameitoa gia kwa mayai!"

"Mayai gani?" mjomba aliuliza harakaharaka. Kisha akageuka, kwa mara ya kwanza, akamwona mpwa wake na mpini chini ya mkoba.

"Mkoba, mjomba," alisema Mpwa. "Ukijaa, unakivuta. Ukiwa mtupu, hauwezi. Jana ulikuwa mtupu."

Mjomba alimtazama. Aliutazama mkoba, akalitazama tumbo lake, na uso ukamfunguka polepole kama dirisha.

"Kwa hiyo mimi si mnene?"

"Wewe ni mnene," Spana alimjibu kutoka kwenye nyasi. "Ila unene wako hauhusiki."

"Na nusu yai nililokula?"

"Ulilila bure, kaka. Pole."

Mjomba akashuka kitini, akautoa mkoba, akaukumbatia, akaanza kucheka naye; kicheko kilichoanzia tumboni, tumbo lililoachiwa huru. Mama Mita alijaribu kukaza uso, ukamkatalia. Aliondoa kidole kwenye simu, akairudisha mfukoni. "Kokoto hapana," alisema, akifuta machozi kwa ncha ya skafu. "Lakini mita husomwa mara mbili. Nataka ipande tena, mpaka juu, bila mkoba, na kitini awe mtu mwingine, nijue shida ilikuwa mkoba tu, haikuwa dereva."

Kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kuficha, mjomba alikuwa ameshautandaza mkoba kwenye nyasi, na Spana alikuwa ameshakaribia bila kualikwa. Mmoja alishika paja la kuku, mwingine yai.

"Fundi, panda," alisema Mama Mita.

Spana aliinua mikono yote miwili, inang'aa mafuta ya kuku. Mdomo ulikuwa umejaa. Alijaribu kusema, ikatoka hewa ya kitunguu.

"Nani sasa? Mimi na sketi hii?" Mama Mita aliuliza.

Mkwe alikuwa akiunguruma taratibu pale alipoachwa, kiti kitupu, jua limekaa juu yake. Mpwa aliilaza reki kwenye nyasi, meno yakitazama chini ili yasimchome mtu. Mikono yake ilikosa pa kukaa. Mjomba alimwona, akaacha kutafuna.

"Mpwa? Una nini?"

Angeweza kujibu kwa mabega. Yalianza hata kuinuka. Akayashusha.

"Nataka kuendesha mimi, mjomba," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa Mama Mita. "Na si leo tu. Nimekitaka kiti kile tangu siku ya kwanza niliyoingia hapa."